Loji za kifahari Serengeti: Anacholipia mgeni na wanaogawana malipo yake

HOTELI ya kifahari iliyojengwa katikati ya hifadhi ya wanyamapori haifanani na hoteli nyingine. Mjini mgeni hulipia chumba, chakula na huduma. Porini hivyo vyote ni nyongeza, kwani kinachomtoa mgeni ng'ambo ya bahari ni eneo kubwa lisilo na nyumba, barabara ya lami wala taa za umeme, ambamo simba, tembo na nyumbu bado wanaishi kwa desturi zao.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa biashara hii. Kila kitanda kinachoongezwa huingiza fedha, lakini pia hupunguza sehemu ya ule utulivu uliomleta mgeni. Aidha, utulivu huo haukujileta wenyewe, bali unalindwa kwa sheria, kwa doria za askari wa wanyamapori na kwa mipaka iliyowataka baadhi ya wananchi kuyaacha maeneo waliyoyazoea.

Mfano ulio wazi zaidi katika Afrika Mashariki ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Humo na katika maeneo yanayoizunguka, nyumbu wapatao milioni 1.3, wakiambatana na mamia ya maelfu ya pundamilia na swala, huzunguka kila mwaka kufuata mvua na majani mabichi.

Zilikoanzia

Wazo la kulala kwa starehe huku wanyama wakipita chini ya dirisha si geni katika ukanda huu. Mwaka 1932 ilifunguliwa Treetops, karibu na Nyeri nchini Kenya, ikiwa kibanda kidogo juu ya mti kilichotazama dimbwi la maji. Ndipo alipokuwa amelala Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, siku ambayo baba yake alifariki dunia naye akawa malkia. Jengo hilo la kwanza liliteketezwa kwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na jingine likajengwa mwaka 1957.

Nchini Tanzania, serikali yenyewe ndiyo iliyojenga loji kubwa za mwanzo katika hifadhi za kaskazini, kazi iliyofanyika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea katika miaka ya 1970. Loji za Seronera na Lobo zilijengwa kwa kuzungukia miamba mikubwa iliyochomoza ardhini, na bwawa la kuogelea la Lobo lilichongwa ndani ya mwamba wenyewe.

Biashara hiyo ilipata pigo mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa. Watalii waliokuwa wakiingia Serengeti kupitia Nairobi walikatika ghafla, na mpaka haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Uchumi ulipofunguliwa kwa sekta binafsi, hasa katika miaka ya 1990, loji za serikali zilikabidhiwa kampuni binafsi, na wawekezaji wapya wakaja na mtindo tofauti wa vyumba vichache, huduma nyingi na bei kubwa.

Tangu hapo majina makubwa ya hoteli duniani yameingia Serengeti. Kampuni ya Singita ilianza kusimamia loji za Grumeti, magharibi mwa hifadhi, mwaka 2006. Loji ya Bilila, iliyofunguliwa mwaka 2009 chini ya Kempinski, ilichukuliwa na kampuni ya Four Seasons mwaka 2012.

Aina za malazi

Malazi ya kifahari porini yamegawanyika katika makundi makuu matatu. Kundi la kwanza ni loji za kudumu, zenye kuta za mawe au matofali, bwawa la kuogelea na wakati mwingine vyumba zaidi ya 60. Hizi huwafaa wazee, familia zenye watoto wadogo na wageni wanaotaka ukuta mgumu kati yao na fisi.

Kundi la pili ni kambi za kudumu za mahema. Neno hema lisimdanganye msomaji. Ndani yake mna kitanda kipana, bafu, choo cha kuvuta maji, meza ya kuandikia na sakafu ya mbao. Kuta ni za turubai, na kwa sababu hiyo mgeni husikia ngurumo ya simba kana kwamba yuko mlangoni.

Kundi la tatu ni kambi za msimu, ambazo huhamishwa kuwafuata nyumbu. Kuanzia Desemba hadi Machi huwekwa kusini, katika nyanda za Ndutu ambako nyumbu huzalia. Mei na Juni baadhi yake husogezwa magharibi kuelekea Mto Grumeti, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, karibu na vivuko vya Mto Mara. Kambi ikiondoka, kinachotakiwa kubaki nyuma ni nyasi tu.

Katika eneo jirani la Hifadhi ya Ngorongoro, hoteli zimejengwa kwenye ukingo wa kreta, juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Hairuhusiwi kulala chini ndani ya kreta. Magari huteremka asubuhi na hutakiwa kupanda kabla ya jioni, na wageni wasiotarajia baridi hujikuta wakiomba blanketi la pili.

Siku moja porini

Ratiba ya siku hufuata tabia za wanyama, si za binadamu. Mhudumu hufika mlangoni kabla ya mapambazuko akiwa na chai au kahawa. Saa 12:00 asubuhi magari huondoka, kwa kuwa simba na chui huonekana vizuri zaidi kabla jua halijawa kali. Kifungua kinywa mara nyingi huandaliwa porini, juu ya meza ya kukunja chini ya mgunga.

Mchana ni wa kupumzika. Saa 10:00 alasiri safari ya pili huanza, na huishia kwenye vinywaji vya machweo mahali penye mandhari ya wazi. Kanuni za hifadhi humtaka dereva awe amerudi kambini ifikapo saa 1:00 usiku, asizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa na asitoke nje ya barabara zilizoruhusiwa. Chakula cha jioni huliwa karibu na moto.

Baada ya giza kuingia mgeni hatembei peke yake, kwani loji nyingi hazina uzio. Nyati, tembo na viboko hupita kati ya mahema usiku, na mlinzi mwenye tochi humsindikiza kila mgeni hadi mlangoni mwake. Zipu ya hema hufungwa mpaka chini, na chakula hakiachwi ndani, kwa kuwa nyani na tumbili wameshajifunza kufungua.

Maandalizi ya msingi

Kutoka Arusha hadi Seronera ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa gari, inayochukua saa saba hadi nane kupitia Ngorongoro. Kwa ndege ndogo ni takriban saa moja. Viwanja vya Seronera, Kogatende, Ndutu, Lobo na Grumeti ni vya changarawe au udongo, na mashirika mengi ya ndege hizo humruhusu abiria mzigo wa kilo 15 tu katika begi laini lisilo na fremu ngumu.

Nguo zinazofaa ni za rangi ya kaki, udongo au kijani iliyofifia. Rangi ya bluu na nyeusi huwavuta mbung'o, ambao kuumwa nao ni adha kubwa katika baadhi ya maeneo ya Serengeti. Sweta ni muhimu, kwani asubuhi ndani ya gari lililo wazi ni ya baridi hata wakati wa kiangazi. Malaria ipo, hivyo ushauri wa daktari kuhusu dawa za kinga hutafutwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Kenya ilitangulia Agosti 2017, na tangu Juni 2020 imezuia pia chupa na vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja ndani ya hifadhi zake. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi kurushwa hifadhini bila kibali.

Kwa dharura za kiafya, loji nyingi hutegemea madaktari wa ndege. Huduma ya AMREF Flying Doctors yenye makao yake Nairobi, iliyoanza mwaka 1957, ni miongoni mwa zinazotumika zaidi. Mgeni mwenye busara huuliza mapema kama gharama ya kusafirishwa na ndege hiyo imo katika malipo yake.

Fedha zinakokwenda

Bei ya usiku mmoja kwa mtu mmoja huanzia mamia ya dola za Marekani na katika loji za juu kabisa huvuka dola 1,500. Kwa kawaida kiasi hicho hujumuisha milo yote, vinywaji, safari mbili za kutazama wanyama kwa siku na kufuliwa nguo.

Sehemu ya gharama hutokana na umbali. Mboga, dizeli, gesi, vipuri na mashuka husafirishwa kwa mamia ya kilomita juu ya barabara zinazovunja springi za magari. Loji yenye vyumba vichache hubeba mzigo huo huo wa karakana, stoo, jiko na redio, lakini hugawanya gharama kwa wageni wachache.

Sehemu nyingine huenda serikalini. Mtalii mtu mzima asiye mkazi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha dola 70 kwa saa 24 Serengeti katika msimu wa wageni wengi, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Juu ya hapo ipo ada ya kila usiku kwa anayelala katika loji iliyo ndani ya hifadhi. Kushuka kreta ya Ngorongoro hutozwa dola 250 kwa gari, nayo ni kabla ya kodi.

Fedha hizo ndizo zinazobeba hifadhi nyingine. Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA), lililoanzishwa mwaka 1959, husimamia hifadhi nyingi, lakini ni chache tu zinazopata wageni wa kutosha kujilipia. Serengeti na Kilimanjaro zikiyumba, doria katika hifadhi zisizotembelewa nazo huyumba.

Udhaifu huo ulionekana mwaka 2020 wakati wa janga la corona. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Idadi hiyo imepanda tena na kuvuka milioni 2.1 mwaka 2024, lakini wafanyakazi waliorudishwa nyumbani bila mshahara katika kipindi kile hawakuhitaji kuelezwa jinsi maisha yao yalivyofungwa kwenye ndege zinazotoka Ulaya na Marekani.

Nyuma ya jiko

Loji moja ndogo huwa na wafanyakazi wengi kuliko wageni. Wapishi, wahudumu, mafundi bomba, walinzi, madereva na waongoza watalii huishi katika makazi yaliyofichwa nyuma ya miti, mbali na macho ya mgeni. Wengi hukaa kazini wiki kadhaa mfululizo kabla ya kupewa mapumziko ya kwenda kuona familia zao.

Miongoni mwao, mwongoza watalii ndiye anayeamua kama safari itakumbukwa. Ni yeye anayejua kusoma mkao wa tai angani, kutofautisha mlio wa hofu wa nyani na ugomvi wa kawaida, na kuliondoa gari kabla tembo hajakasirika. Baadhi yao hupitia Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Bakshishi ni sehemu kubwa ya kipato chao. Loji nyingi huweka sanduku la pamoja ili mfua nguo na mwosha vyombo, ambao mgeni hawaoni, nao wapate fungu. Mgeni anayempa dereva peke yake huwa hajakosea, lakini amewasahau wengi.

Maji na umeme

Mvua katika Serengeti hutofautiana sana, kutoka takriban milimita 500 kwa mwaka kusini mashariki hadi zaidi ya milimita 1,000 kaskazini magharibi. Mto pekee unaotiririka mwaka mzima ni Mara, unaoanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania baada ya safari ya karibu kilomita 400. Mau ukikatwa miti, hasara hufika Serengeti.

Katika mazingira hayo, bwawa la kuogelea na bafu la maji mengi si jambo dogo. Loji huchimba visima virefu au huleta maji kwa malori. Nyingi zimepunguza jenereta kwa kufunga mitambo ya umeme wa jua, na baadhi huwapa wageni maji ya kuoga kwa ndoo maalumu inayoning'inizwa juu, mtindo wa kambi za zamani ambao hutumia maji machache.

Kabla ya ujenzi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwekezaji kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo husimamia tathmini hiyo. Idadi ya vitanda katika kila ukanda hupangwa na mpango mkuu wa usimamizi wa hifadhi. Ubora wa mpango huo hupimwa siku anapokuja mwekezaji mwenye fedha nyingi na kuomba nafasi zaidi.

Waliokuwapo kabla ya wageni

Pori linalouzwa kama eneo lisilo na watu lilikuwa na watu. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini makubaliano na serikali ya kikoloni ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 likaundwa eneo la Ngorongoro ambamo wafugaji, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja.

Makubaliano hayo bado yana uzito hadi leo. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya za Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kuwa idadi ya watu na mifugo imezidi uwezo wa hifadhi na kwamba wanaohama hufanya hivyo kwa hiari. Sehemu ya wakazi na watetezi wa haki wamepinga maelezo hayo. Juni 2022, uwekaji wa vigingi vya mpaka katika eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo ulizua vurugu zilizosababisha kifo cha askari polisi na majeruhi miongoni mwa wananchi.

Zipo njia zinazojaribu kumpa mwenye ardhi nafasi mezani. Nchini Tanzania, vijiji huunganisha ardhi yao katika Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, kwa mfano Ikona, iliyo jirani na Serengeti, na kuingia mikataba na wawekezaji wa kambi. Nchini Kenya, pembezoni mwa Maasai Mara, wafugaji wenye hati za ardhi hukodisha maeneo yao kwa kambi za watalii na kulipwa kodi ya pango. Maeneo hayo hupunguza idadi ya vitanda kwa makusudi, na baadhi ya kambi hufuata kanuni ya hema moja kwa kila ekari 700.

Mipango hiyo nayo ina matatizo yake. Mapato ya vijiji huweza kuchelewa au kuishia mikononi mwa viongozi wachache, na mfugaji aliyekodisha malisho hukosa pa kupeleka ng'ombe wakati wa ukame. Hata hivyo, ina jambo moja ambalo loji ya ndani ya hifadhi haina, nalo ni mwenye ardhi anayeweza kukataa kusaini mkataba mpya.

Utulivu unapopungua

Julai 2025, picha za video kutoka kaskazini mwa Serengeti zilisambaa zikiwaonyesha watalii wameshuka kwenye magari na kujipanga karibu na kivuko cha nyumbu katika Mto Mara. Nyumbu wanaozuiwa kuvuka hurudi nyuma au huchagua kingo mbaya zaidi, na wengine hukanyagana.

Tukio kama hilo huanza na hesabu ya vitanda. Vikiongezeka bila mpango, magari huongezeka katika barabara zile zile na vivuko vile vile, na mgeni aliyelipa bei kubwa ili awe peke yake hujikuta katika foleni. Kwa upande wa Maasai Mara, Kaunti ya Narok ilipandisha kiingilio cha wageni wa nje hadi dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, utaratibu ulioanza mwaka 2024.

Fursa kwa mwananchi

Wengi huamini kuwa loji hizi haziwahusu wananchi wa kawaida. Ni kweli kwamba bei zake haziendani na mishahara ya wengi, lakini pengo si kubwa kama linavyodhaniwa. Kiingilio cha Serengeti kwa raia mtu mzima wa Afrika Mashariki ni Shilingi 10,000 kabla ya kodi, na loji nyingi zina bei ya wakazi ambayo hushuka zaidi Aprili na Mei, wakati wa masika.

Masika yana adha ya matope na kambi nyingine hufungwa, lakini nyasi huwa za kijani, vumbi hupungua na barabara huwa na magari machache. Anayetaka bei hiyo sharti aiulize mwenyewe na kuonyesha kitambulisho, kwani matangazo mengi huandikwa kwa dola na kumlenga mgeni wa mbali.

Awe raia au mgeni, anayepanga safari ana maswali manne ya kuuliza kabla ya kulipa: loji ina vitanda vingapi, maji yake yanatoka wapi, ardhi ni ya nani, na wafanyakazi wangapi wametoka katika vijiji vya jirani. Majibu yake humweleza mengi kuliko picha ya kitanda chenye chandarua cheupe.